Jua Maji Yako Yanakokwenda: Mwongozo wa Dira, Simu na Vihisi kwa Mkazi wa Mjini

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inatoka kwenye mto mmoja, Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na wa Ruvu Juu lita milioni 196. Mto ukishuka, jiji zima linaumia, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022 mgao ulipotangazwa na watu wakarudi kupanga foleni na madumu. Lakini ukame si sababu pekee ya koki kukauka. Ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji Tanzania, zimeonyesha mwaka hadi mwaka kwamba karibu theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji nchini hayaingizi hata shilingi: yamevuja njiani, yamechukuliwa na waliojiunganishia kinyemela, au yamepita kwenye dira iliyochoka isiyohesabu vizuri. Nchini Kenya, ripoti za mdhibiti wa huko, WASREB, zinataja zaidi ya asilimia 40.

Juu ya hayo kuna maji yanayopotea ndani ya uzio wako, baada ya kupita dira. Hayamo kwenye hesabu ya hasara ya mamlaka kwa sababu moja tu: unayalipia wewe.

Teknolojia ya kidijitali inaweza kupunguza upotevu wa aina zote mbili, na sehemu yake muhimu tayari umeishika mkononi. Mwongozo huu unaanza nyumbani kwako, mahali unapoweza kufanya jambo leo hii bila kumwomba mtu ruhusa, kisha unakwenda kwenye jengo la wapangaji, gati la mtaa la kuchotea maji, na mwisho mambo unayopaswa kuyadai kwa mamlaka. Shika neno hili tangu mwanzo: kifaa kinapima tu. Kinachookoa maji ni mtu anayepata taarifa kwa wakati, anayejua afanye nini, na mwenye spana.

Anza na dira uliyonayo

Fungua kasha la dira yako, au mita kama wengi wanavyoiita, ufute kioo. Kwenye dira nyingi za kawaida tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni madumu 50 ya lita 20. Tarakimu nyekundu, au mishale midogo iliyo chini, huonyesha sehemu za uniti hadi kufikia lita. Pembeni utaona kigurudumu kidogo, mara nyingi chenye umbo la nyota au pembetatu, kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Wengi hawakitazami kabisa, nacho ndicho chenye habari nyingi kuliko vyote.

Kila wiki, siku ileile na saa ileile, piga picha ya dira kwa simu. Picha itajihifadhia tarehe na saa. Ingiza namba kwenye programu ya jedwali kama una simu janja. Kama huna, daftari linatosha. Toa usomaji wa wiki iliyopita, geuza uniti kuwa lita, gawanya kwa siku saba, kisha kwa idadi ya watu wa nyumbani. Utapata lita za mtu mmoja kwa siku, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli kuhusu maji yanapoanzia, maana kabla ya hapo kila mtu nyumbani huamini anayemwaga ni mwenzake.

Unajuaje kama namba hiyo ni kubwa? Kuna kipimo cha kulinganishia. Jiji la Cape Town lilipokaribia kufunga mabomba kwa ukame, kuanzia Februari 1, 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Hayo yalikuwa maisha ya dhiki, ya kuoga haraka na kutumia tena maji ya kufulia kusafishia choo, lakini watu waliishi. Familia ya watu sita kwa kiwango hicho ingetumia lita 300 kwa siku, uniti 9 kwa mwezi. Simaanishi ujibane kiasi hicho. Ila kama ankara yako inasomeka uniti 25 na huna bustani, huna mifugo wala biashara ya kufua, kuna mahali maji yanatoroka.

Patafute kwa jaribio la usiku. Hakikisha kwanza kwamba ni usiku wa maji kutoka na kwamba simtanki limeshajaa, la sivyo dira itazunguka kwa kujaza tanki nawe utadhani ni uvujaji. Funga koki zote, waambie watu wa nyumbani, piga picha ya dira mkienda kulala na nyingine asubuhi kabla ya yeyote kufungua maji. Kama zimepita lita 30 kwa saa nane, hizo ni lita 90 kwa siku, na kwa mwezi ni 2,700, karibu uniti tatu unazozilipia bila kuzinywa wala kuzioga.

Sasa mtafute mhalifu. Choo cha kuvuta ndicho cha kushukiwa kwanza: tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi lake la nyuma, usivute kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Rangi ikionekana huko, mpira wa ndani umechakaa na maji yanapita usiku na mchana bila kelele. Cha pili ni boya la simtanki. Likikwama, maji hutokea kwenye bomba la kumwagikia juu na kutiririka ukutani, mara nyingi upande wa nyuma ambao hakuna anayepita. Kama vyote ni vizima, funga valvu kuu iliyo baada ya dira na utazame kile kigurudumu. Kikisimama, uvujaji uko mbele ya valvu, pengine chini ya sakafu au uani. Kikiendelea kuzunguka, ama valvu haifungi sawasawa ama bomba limetoboka kati ya dira na valvu. Ukimwita fundi bomba na majibu hayo, hatachimba uwanja wote kwa kubahatisha.

Wanaoishi kwenye mgao wana tatizo lao. Maji yanaporudi baada ya siku kadhaa, hewa iliyojaa bombani hutangulia, na hewa hiyo inaweza kuzungusha dira yenye mapanga. Dira za mawimbi ya sauti hazina mapanga ya kuzungushwa, hivyo tatizo hilo huwa dogo kwazo. Ukihisi unalipishwa hewa, rekodi video fupi ya dira wakati maji yanaanza kuingia, koki ikitoa upepo. Malalamiko ya mdomo husahaulika. Video yenye saa na tarehe inamlazimisha anayekusikiliza akujibu.

Picha zako zina kazi nyingine kubwa: ankara. Siku hizi ankara huja kwa ujumbe wa simu ikiwa na namba ya malipo ya serikali, nawe unalipa bila kwenda ofisini. Urahisi huo umewafanya wengi waache kukagua. Linganisha usomaji ulioandikwa kwenye ankara na picha yako ya siku hiyohiyo. Ukikuta namba ya ankara imeitangulia dira yako, ujue mtu amekadiria badala ya kusoma, na una haki ya kukataa makadirio. Nairobi walikwenda hatua zaidi kwa huduma iliyoitwa Jisomee Mita: mteja anasoma dira yake mwenyewe, anatuma namba kwa simu, anarudishiwa ankara na kulipa kwa simu hiyohiyo. Kati ya vitu vyote vya kidijitali nitakavyovitaja hapa, hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Hakikuhitaji kifaa kipya hata kimoja, na kiliwafanya mteja na kampuni watazame namba ileile.

Jengo la wapangaji

Nyumba ya familia moja haihitaji kihisi. Jaribio la usiku mara moja kwa mwezi linatosha, na anayekushawishi ununue kifaa cha kukutumia ujumbe kila dakika anataka pesa zako. Mambo hubadilika pale dira moja inapohudumia vyumba kumi na viwili, tanki ni la pamoja, na kila mwisho wa mwezi kuna ugomvi wa nani anafua sana.

Hapo hatua ya kwanza ni dira ndogo kwa kila mpangaji, ikisomwa mbele ya wote na picha kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Jumla ya dira ndogo ikiwa pungufu sana ya dira kuu, tofauti hiyo ni uvujaji wa jengo, nao ni mzigo wa mwenye nyumba, si wa wapangaji. Waeleze wenzako jambo hilo wazi, maana katika majengo mengi wapangaji wamekuwa wakigawana kulipia bomba bovu la mtu mwingine.

Hatua ya pili ni tanki. Usirukie kihisi kabla hujafunga swichi ya boya inayozima pampu tanki likijaa na kuizima pia kisima kikikauka. Ni kifaa rahisi, hakina intaneti, na kinazuia hasara mbili kwa mpigo: maji yanayomwagika na pampu inayoungua kwa kuzunguka bila maji. Baada ya hapo ndipo kihisi cha kina cha maji kina maana. Kinachotumika sana hukaa chini ya mfuniko, hutuma mlio usiosikika, hupima muda wa mwangwi kurudi, na kwa hesabu hiyo hujua maji yamebaki kiasi gani. Taarifa huenda kwenye simu kupitia laini iliyomo ndani yake.

Faida yake kubwa iko usiku. Tanki la lita 5,000 likipungua lita 400 kati ya saa nane na saa kumi usiku, hakuna mpangaji anayefua wala kuoga muda huo. Hilo ni bomba au choo. Wataalamu wa maji duniani kote hutumia kanuni hii moja: pima maji yanayopita wakati watu wamelala. Wakati wa ukame wa Cape Town, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walifunga dira janja kwenye shule za Western Cape na kugundua kwamba shule nyingi zilikuwa zikimwaga maji usiku kucha, wanafunzi wakiwa makwao. Walipelekwa mafundi wafanye matengenezo madogo madogo, vyoo na koki hasa, na maji ya usiku yakapungua sana. Dira zilionyesha shule ipi iendewe kwanza, na mafundi ndio walioziba.

Kwa hiyo ukienda kununua kihisi, muulize muuzaji maswali yatakayomtoa kwenye sifa za picha za kupendeza. Kinatumia betri au umeme, na umeme ukikatika kinaendelea kwa muda gani? Bando la laini atalipa nani mwaka wa pili? Mvuke unaogeuka matone chini ya mfuniko unaathiri usomaji, au mdomo wa kihisi umezibwa maji yasiingie? Kampuni ikifungwa kesho, namba zangu nitazipata wapi? Hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu vifaa vingi husoma kupitia mtambo wa muuzaji, na siku akiondoka hubaki plastiki kwenye tanki. Kijana wa elektroniki wa mtaani kwako anayeweza kukiunda, kukifungua na kukitengeneza anaweza kukufaa kuliko kifaa cha kuagiza kutoka mbali. Kikishafungwa, kijaribu mwenyewe: fungua koki ya chini, punguza maji, uone ujumbe unafika baada ya muda gani. Na ujumbe uende kwa watu wawili, mlinzi aliyepo eneo la tukio na mtu mwenye mamlaka ya kumwita fundi.

Gati la mtaa na luku ya maji

Mwaka 2015 kampuni ya maji ya Nairobi, ikishirikiana na Grundfos ya Denmark, ilifungua mashine za kuuza maji kwa kadi katika mtaa wa Mathare. Mtungi wa lita 20 ulikuwa nusu shilingi ya Kenya, bei ambayo wachuuzi wa mtaani hawakuwa wakiikaribia. Kadi ilileta mambo matatu ambayo kioski cha fedha taslimu hakiyaleti kwa urahisi: bei moja kwa wote, hesabu isiyofutika, na kuchota saa yoyote bila kumsubiri mwenye ufunguo.

Kamati ya mtaa inayofikiria mfumo huo ijue pia unapokwama. Mashine haitengenezi maji. Bomba likikauka, kadi yenye salio ni kadi tu. Dai mkataba useme mashine ikiharibika kuna koki ya pembeni itakayofunguliwa kwa ufunguo, fundi afike ndani ya muda uliotajwa, na salio liweze kuongezwa kwa simu ya kitochi na kwa wakala aliye karibu, kwa sababu bibi anayemtuma mjukuu kuchota maji hana intaneti. Kila wiki mtunza hesabu alinganishe lita zilizouzwa na lita zilizopita kwenye dira inayoingiza maji kwenye gati. Tofauti ikikua, kuna uvujaji au kuna mkono wa mtu.

Dira za malipo ya kabla majumbani, ambazo watu wameshazipa jina la luku ya maji, zinahitaji tahadhari zaidi. Zina faida: deni halilimbikizwi, ugomvi wa makadirio unaisha, na mpangaji mpya hasalimiwi na deni la aliyehama. Lakini luku ya umeme ikiisha mtu huwasha mshumaa, na maji hayana mshumaa wake. Wakazi wa Phiri, Soweto, walizipinga dira hizo mahakamani kwa sababu mgao wa bure wa uniti sita kwa mwezi kwa kila kaya uliwaishia kabla ya mwezi kuisha. Oktoba 8, 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba dira hizo ni halali. Walishindwa kisheria, ila swali lao ni la kila mji unaozileta: mgonjwa yuko ndani, salio limeisha usiku wa manane, inakuwaje? Kabla ya kukubali dira hiyo, taka jibu la maandishi kuhusu maji ya dharura, namna ya kuongeza salio usiku, na nini hutokea betri yake ikifa.

Unachopaswa kukidai

Uvujaji mkubwa uko barabarani, na huko huna spana. Unachoweza ni kutoa taarifa inayofanyiwa kazi. Usiseme "maji yanamwagika karibu na msikiti." Piga picha, tuma mahali ulipo kutoka kwenye simu, taja saa na kama maji yanaruka au yanachuruzika, omba namba ya taarifa, uiandike. Siku mbili zikipita kimya, rudi na namba hiyo. Bomba lililopasuka si hasara ya maji tu. Msukumo ukikatika wakati wa mgao, maji machafu ya mtaroni huweza kunyonywa kuingia kupitia tundu lilelile, na koki zikifunguliwa tena yanakuja jikoni kwako.

Kwenye mkutano wa mtaa au wa wadau wa maji, uliza mamlaka kama eneo lenu limegawanywa kuwa kanda ndogo, kila moja na dira kwenye lango lake. Bila kanda, mamlaka inajua imepoteza maji ila haijui wapi. Zikiwepo, dira za lango hutuma namba usiku, kanda inayopitisha maji mengi saa tisa usiku hujitaja yenyewe, na timu yenye vifaa vya kusikiliza mabomba huenda huko moja kwa moja. Uliza pia kuhusu vihisi vya msukumo: usiku matumizi yakipungua msukumo hupanda, na hapo ndipo mabomba ya zamani hupasuka. Kisha uliza swali ambalo wauzaji wa teknolojia hulikwepa: kuanzia taarifa ya uvujaji hadi kuzibwa, ni saa ngapi?

Ninalisisitiza hilo kwa sababu ya Phnom Penh. Mwaka 1993 mji mkuu huo wa Kambodia ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake. Chini ya uongozi wa Ek Sonn Chan, mkuu wa mamlaka ya maji ya mji huo, upotevu ulishushwa hadi karibu asilimia 6, kiwango ambacho miji mingi tajiri haijakifikia. Kompyuta za ankara na upimaji wa kanda vilisaidia, lakini msingi ulikuwa dira kwa kila mteja, wakubwa na ofisi za serikali wakiwemo, vikosi vya kuziba vilivyofika haraka, na wafanyakazi waliotuzwa kwa kazi nzuri na kuadhibiwa kwa kushiriki wizi. Mamlaka inayonunua vihisi vya mamilioni huku timu yake ya matengenezo haina gari inatupa fedha za umma. Nalisema hilo bila kusita.

Bado kuna taarifa zako mwenyewe. Dira janja inayotuma usomaji kila saa inajua mnaamka lini, mnasafiri lini, nyumba iko tupu lini. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa kazi gani. Uliza nani anaziona na zinatunzwa kwa muda gani. Usiweke kwenye kundi la watu wengi picha yenye namba ya akaunti yako. Ujumbe wa kukutisha kwamba maji yatakatwa ukitakiwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu binafsi ni utapeli. Lipa kwa namba ya malipo pekee na usome jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri.

Usinunue chochote bado. Usiku wa kwanza maji yakitoka kwenu, tanki likishajaa, toka na simu yako, ufungue kasha la dira, upige picha. Asubuhi piga nyingine, na kama namba zimetofautiana, mwite fundi siku hiyohiyo.